Kupima Mahali Patupu

Kule Area D, mtaa wa Dodoma, majirani wanamwita Mwalimu wa Nyota, na jina hilo Anyesi halipendi hata kidogo. Si jina la dharau. Wanaomwita hivyo wanampenda, na wakipika pilau la sikukuu sahani yake huwa haikosi. Kinachomkera ni kwamba si la kweli, kwa sababu Anyesi hajawahi kupima nyota hata moja. Lakini ukishaitwa Mwalimu wa Nyota mtaani, usitarajie kupumzika. Mama mmoja alimletea tarehe ya kuzaliwa ya binti yake, akitaka kujua ataolewa mwaka gani. Fundi cherehani wa pale kona alimuuliza kama nyota yake imefifia, maana wateja wote wamehamia kwa mwenzake. Anyesi alimjibu kwamba yeye nyota hasomi, ila suruali aliyomshonea mwaka jana ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na huenda jibu likawa hapo.

Ndivyo alivyo. Ana miaka thelathini na kidogo, mwembamba, sauti yake inafika benchi la nyuma bila kipaza sauti, na hana subira na maneno yasiyo sahihi. Anafundisha fizikia katika chuo kimoja hapo Dodoma, na muda ambao hafundishi anapima gesi.

Ukiuliza gesi gani, hapo ndipo wengi humkimbia, nami nakuomba usikimbie, kwa sababu ni jambo jepesi. Nyota hukaa makundi makundi, na kila kundi kubwa linaitwa galaksi. Sisi wenyewe tunaishi ndani ya mojawapo. Humo ndani, na hata pembezoni kabisa ambako nyota zimekwisha, imetanda gesi ya haidrojeni iliyotulia, baridi, isiyo na chaji yoyote ya umeme. Huwezi kuiona kwa jicho, uwe na darubini ya kioo kikubwa namna gani. Lakini inatoa wimbi la redio, hafifu mno, lenye urefu wa kama shubiri moja ya mkono wa mtu mzima. Nyota za kesho zitatengenezwa kwa gesi hiyo. Galaksi yenye gesi nyingi bado ina nguvu ya kuzaa, na iliyoishiwa inangoja uzee. Anyesi husema kwamba wanaopiga picha za nyota wanatazama sahani iliyokwisha kupakuliwa, na yeye anachungulia ghalani.

Tena kazi yenyewe haina haja ya usiku, kwa sababu wimbi la redio halijali jua. Anyesi hupima asubuhi, akiwa ameshakunywa chai na chapati yake. Majirani wanaoamini kwamba anakesha akihesabu nyota wamekuja kumgongea mara nyingi jioni tu na kumkuta amelala fofofo.

Kikundi chao pale chuoni ni kidogo. Mkuu wao ni Dokta Nathan, mwanamume wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, ambaye amemfundisha Anyesi tangu mwaka wa kwanza na ndiye aliyemwonyesha kwa mara ya kwanza namna ya kusoma mchoro wa gesi. Yupo pia Shamimu, binti wa Kisandawe kutoka Chemba, anayesomea shahada ya uzamili, mwenye maneno makali na kicheko cha karibu. Sahani ya redio yao wenyewe hawana. Wanayoitumia iko ng'ambo, ni kubwa kuliko paa la kanisa lolote utakaloliona Dodoma, nao huielekeza kwa kompyuta wakiwa wamekaa hapa hapa, katika chumba chenye feni moja na dirisha linalotazama vumbi likipita. Kila msimu wanagawiwa saa zao za kuitumia. Zikiisha zimeisha, mpaka mwaka mwingine.

Shida ya sahani hiyo ni kwamba haisikii gesi peke yake. Inasikia joto la vyuma vyake, joto la hewa, hata joto la vilima vinavyoizunguka, na makelele hayo yote yanaizidi gesi mara nyingi mno. Dawa yake ni moja. Unaielekeza kwenye galaksi na kupima kila kitu kwa jumla, gesi na makelele. Halafu unaielekeza pembeni kidogo, mahali ambapo hakuna kitu, unapima makelele matupu. Unatoa hili katika lile, na kinachobaki ndiyo gesi.

Anyesi alipomweleza baba yake jambo hilo, alikuwa amejiandaa kwa mifano mitatu na michoro. Baba yake, mzee Bartolomayo Mazengo, Mgogo mwenye shamba la mizabibu Makutupora, alimkatiza kabla hajafika mfano wa kwanza.

"Kwa hiyo mnatoa kreti," alisema.

Ndiyo hasa. Zabibu hupimwa zikiwa ndani ya kreti, na uzito wa kreti tupu hutolewa. Anyesi alifurahi kupita kiasi, akalipeleka neno hilo chuoni, na tangu hapo hakuna anayezungumza lugha nyingine pale. Shamimu akiuliza kama kreti imeshatolewa, kila mtu anajua anauliza nini.

Sasa, kreti tupu ya kikundi ilikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo ilikuwa ya Dokta Nathan. Mahali patupu daima huchukuliwa mashariki ya galaksi, kwa umbali uleule. Sababu ni ya akili sana. Anga huonekana likizunguka kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo ukishapima galaksi, lile eneo la mashariki yake linakuja lenyewe kusimama pale galaksi ilipokuwa imesimama. Sahani inarudia njia ileile, juu ya vilima vilevile, na inasikia makelele yaleyale. Kwa kanuni hiyo Dokta Nathan alikuwa amepima galaksi kwa miaka mingi, na wageni waliokuja kutoka vyuo vingine walimsifia. Alikuwa na haki ya kujivunia.

Kisha ikaja galaksi moja ya jirani. Nasema ya jirani kwa kipimo cha anga, usije ukatafuta nauli. Ilikuwa na namba ndefu ya kitaalamu, lakini Shamimu aliiita Kipembe na jina likashika. Galaksi inazunguka, na kwa sababu hiyo upande mmoja wa gesi yake unatujia na mwingine unatukimbia, na ukiichora unapata mchoro wenye pembe mbili, kushoto na kulia, kama za ng'ombe anayekutazama. Kipembe alikuwa na pembe moja nzuri iliyosimama, na nyingine kisiki tu. Jumla ya gesi yake pia ilikuwa ndogo. Dokta Nathan alisema galaksi zenye kilema zipo nyingi, na alisema kweli, zipo. Basi likaandikwa andiko la kusema kwamba galaksi hii imekaribia kuishiwa gesi, na jina la kwanza juu yake likawa la Anyesi. Lilikuwa andiko la kwanza ambalo jina lake linatangulia. Lilikuwa lipelekwe jaridani mwisho wa mwezi.

Ile pembe fupi ilimkera. Ilianza kumkera akisahihisha mitihani, ikaendelea kumkera akipanga foleni ya bajaji, na siku moja akipika ugali wazo likamjia likiwa kamili. Vipi kama mahali patupu si patupu? Vipi kama gesi ya Kipembe, kwa upande ule wa pembe fupi, imejivuta kuelekea mashariki mpaka pale pale wanapochukulia kreti yao? Hapo wangekuwa wanapima gesi ya galaksi, kisha wanapima gesi hiyohiyo pembeni, wakidhani ni kreti, na kuitoa. Wangekuwa wanamnyang'anya ng'ombe pembe yake halafu wanamwita kilema. Ramani za zamani hazikuweza kumsaidia, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima pembezoni kule kwa makini ya kutosha. Ugali uliungua.

Njia ya kujua ilikuwa moja tu, nayo ni kuielekeza sahani kwenye mahali patupu na kupapima. Lakini saa zilizobaki msimu ule zilikuwa chache, na zote zilikuwa za Shamimu. Zilikuwa zimetengwa kwa galaksi yake ndogo, ambayo bila vipimo vyake shahada yake ingening'inia mwaka mzima. Na kanuni ilikuwa ya Dokta Nathan. Kama Anyesi angechukua saa hizo na pale mahali pakawa patupu kweli, angekuwa amempotezea rafiki yake mwaka na kumvunjia heshima mwalimu wake bure. Kama angenyamaza, andiko lingekwenda likiwa na jina lake juu, na huenda lina uongo ndani.

Alinyamaza wiki nzima. Kunyamaza, kwa mtu kama Anyesi, ni ugonjwa. Shamimu alimuuliza kama ana malaria.

Jumamosi alikwenda Makutupora, kama afanyavyo kila mavuno. Ukiwa binti wa mzee Bartolomayo, shahada hazikuondolei mkasi mkononi. Wachumaji, wengi wao kina mama wa jirani, walikuwa wameshaingia mistarini kabla jua halijawa kali, wakikata vishada na kuvipanga kwenye kreti za plastiki. Mwisho wa mistari ilisimama mizani, na kwenye mizani alisimama baba yake. Hapo hajasimama mwingine tangu Anyesi apate akili.

Shamba lile lina sheria moja ambayo wachumaji wake wote wanaijua. Asubuhi mwenye mizani huchukua kreti moja, huipima ikiwa tupu, na uzito wake ndio unaotolewa siku nzima. Mchumaji akiona anapunjwa, hanung'uniki pembeni. Anasema mbele ya wote, "Pima tupu." Kazi inasimama, watu wanakusanyika, na ile kreti ya asubuhi inapinduliwa, inakaguliwa na kila mwenye macho, inapimwa upya. Ikiwa sawa, aliyelalamika anabeba kreti za wenzake mpaka jioni. Ikiwa na kasoro, anayebeba ni mwenye mizani. Anyesi alikuwa ameona wachumaji kadhaa wakibeba katika maisha yake. Mwenye mizani hajawahi kumwona akibeba.

Siku hiyo Mama Gladness, mwanamke mnene mwenye kitenge kilichofungwa kiunoni kwa ukali, aliitua kreti yake, akasoma mshale wa mizani, akasikia baba akitoa uzito wa kreti, akatikisa kichwa. Alisema mgongo wake umebeba zabibu miaka mingi na hauwezi kukosea kiasi hicho.

"Pima tupu, Mzee," alisema, bila kupandisha sauti.

Watu wakaacha mikasi. Mzee Bartolomayo aliichukua kreti ya asubuhi na kuipindua mwenyewe. Karatasi iliyotandikwa chini ilidondoka, na chini ya karatasi kulikuwa na tabaka la zabibu za jana, zilizopondeka, zikachanganyika na udongo na kukauka ngumu sakafuni mwa kreti. Kreti tupu haikuwa tupu. Zilikuwa zabibu za watu hao hao, na tangu asubuhi alikuwa akizitoa kwenye kila kreti iliyopanda mizani, mtu baada ya mtu, kwa uaminifu kabisa.

Kicheko kililipuka shamba zima. Baba alicheka pia. Alimkabidhi Mama Gladness mizani, naye mama akapima kreti iliyosafishwa, kila mchumaji akarudishiwa uzito wake, kisha mzee akajitwisha kreti ya kwanza begani. Anyesi alikimbia kumpokea.

"Rudi kwenye mstari wako," baba alimwambia. "Hii ni yangu."

Alibeba mpaka mchana, mzee yule, na kina mama wakimtania kila anapopita, na wakati wa chakula Mama Gladness ndiye aliyempakulia wa kwanza, mlenda na ugali wa uwele, nyama kubwa juu. Anyesi alikaa karibu yake, akamwuliza kama amejisikia vibaya. Baba akajibu kwamba mgongo unauma, heshima iko palepale. Ndipo Anyesi akammwagia yote: pembe fupi, mahali patupu, saa za Shamimu, kanuni ya Dokta Nathan. Mzee alisikiliza akitafuna. Hakumpa ushauri wowote. Alimuuliza swali moja tu.

"Huko kwenu, mtu anaruhusiwa kusema pima tupu?"

Swali hilo lilimuudhi Anyesi kuliko kitu chochote wiki ile. Alirudi mjini akiwa na hasira nzuri, ile inayomfanya mtu alale vizuri na kuamka na nia.

Jumatatu alibisha mlango wa Dokta Nathan kabla ya kikao. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, Dokta alimuuliza kama andiko liko tayari. Anyesi alisema haliko tayari, na halitakuwa tayari mpaka wapime lile eneo la mashariki. Akaeleza sababu, akaichora pembe fupi kwenye karatasi. Dokta alivua miwani, akaiacha ining'inie. Alisema kanuni ile imepima galaksi nyingi kuliko wanafunzi aliowahi kuwafundisha Anyesi. Anyesi alisema anajua, na kwamba yeye mwenyewe ni zao la kanuni hiyo. Kisha akamsimulia sheria ya shamba, bila kuficha sehemu ya kubeba.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa ya kunipinga?" Dokta aliuliza.

"Hapana, Dokta. Nimekuja kukuambia mapema ili nisikushtukize. Kukupinga nitakupinga kikaoni."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima.  Dokta Nathan alikuwa amezoea wanafunzi wanaokubali kila kitu, na huenda alikuwa amechoka nao bila kujua. Uso wake ulikuwa mgumu lakini sauti haikuwa na ubaya.

"Basi kikaoni," alisema.

Kikaoni Anyesi alisema alichosema, na kabla hajamaliza watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Shamimu, kwa sababu saa zilikuwa zake. Shamimu hakutabasamu. Alikuwa na mama yake Chemba aliyekuwa akitangaza mahafali kwa ukoo mzima. Aliuliza kama hakuna njia ya kugawana, nusu kwa nusu. Anyesi alisema haiwezekani, gesi ya pembezoni ni nyembamba, ukipima nusu utapata kelele tupu na wote wawili watakosa.

"Una hakika?" Shamimu alimuuliza.

"Hakika ya mwisho sina. Ninayo ya kutosha kubeba kreti. Nikikosea, vipimo vyako vyote vya msimu ujao nitavisafisha mimi, mpaka siku utakayovaa joho."

Kusafisha vipimo, msomaji, si kupiga vumbi. Ni kukaa miezi mbele ya kompyuta ukichambua kelele za simu, za ndege, za satelaiti, wimbi moja baada ya lingine. Ni kazi ambayo watu huikwepa hata kwa kuugua. Shamimu aliipima ahadi hiyo, akawapima wote wawili kwa macho, Anyesi na mkuu wao, kisha akasema wachukue saa zake, lakini yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti cha kuelekeza sahani, ili wasije wakasema baadaye kwamba ilielekezwa vibaya. Dokta Nathan aliuliza wangechukulia wapi kreti yao safari hii. Anyesi alijibu kwamba watafuata kanuni yake ya mashariki, ila waende mbali zaidi, mbali sana na Kipembe. Dokta alikubali kwa kichwa. Naamini jibu hilo lilimgusa, ingawa hakusema.

Siku ya kupima ilikuwa ya upepo, kama zilivyo siku za Dodoma miezi ile, na dirisha lilikuwa jekundu kwa vumbi. Shamimu aliandika namba, akazirudia kwa sauti, akabonyeza. Ng'ambo huko sahani ikageuka taratibu na kutazama mahali ambapo, kwa mujibu wa maandishi yao yote, hapakuwa na kitu. Anyesi aliketi nyuma yake. Dokta Nathan alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Mwanzoni mchoro ulikuwa majani ya porini, vijistari vinapanda na kushuka bila maana. Hivyo ndivyo inavyokuwa siku zote. Kadiri sahani inavyozidi kusikiliza, kelele zinajituliza zenyewe, na kama kuna kitu kinajitokeza. Kama hakuna, mstari unalala tu. Mstari ukaanza kulala. Ulilala kushoto, ukalala kulia, ukalala na katikati, na Anyesi akaona moyo wake ukienda nao chini. Aliiona miezi ya kusafisha ikimngoja. Alimwona mama wa Chemba. Lakini hakujuta kuuliza, na hili nalisema kwa sababu ndilo analopenda lisisahaulike. Hofu aliiona, lakini majuto hayakuja.

Kisha Shamimu akainama mbele. Kulikuwa na kinundu. Kidogo, chini, mahali pamoja, na kila mchoro ulipojichora upya kilikuwa palepale, kimenyanyuka kidogo zaidi. Vinundu huja na kuondoka, na kila mmoja wao alikuwa ameshadanganywa na kimoja. Hiki hakikuondoka. Kilipanda, kikachongoka, kikasimama. Shamimu, bila kuulizwa, alifungua mchoro wa zamani wa Kipembe na kuuweka chini yake. Kile kinundu kilikuwa kimekaa juu ya kisiki, sawasawa. Ndiyo ile pembe iliyopotea, walikuwa wameikata wao wenyewe, kwa uaminifu kabisa.

Gesi ya Kipembe iliendelea mashariki mpaka mahali patupu na huenda ikapita. Walipoirudisha kwenye hesabu, mchoro ulisimama na pembe mbili. Galaksi maskini ikawa haina umaskini wowote, ghala lake lilikuwa limejaa, ila lilikuwa limejengwa nje ya uzio waliouchora wao. Shamimu alisema sasa itabidi amtafutie jina jingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia na kucheka. Saa zake zilikuwa zimekwisha, na galaksi yake ndogo haijapimwa.

Anyesi alifurahi, furaha ya waziwazi, ya kifua kizima, na papo hapo aliogopa kumgeukia Dokta pale mlangoni. Akageuka. Dokta Nathan alikuwa ameshavaa miwani na kusogea karibu. Aliutazama mchoro kutoka kushoto hadi kulia, akamwomba Shamimu aukuze, akautazama tena. Aliuliza maswali mawili ya kitaalamu, makali, ya mtu anayetafuta kosa, na Anyesi akayajibu yote mawili. Kisha Dokta akamwambia Shamimu kwamba msimu ujao saa za kwanza kabisa ni zake, zitolewe kwenye zile za mkuu, na kwamba yeye mwenyewe atamwandikia barua mama yake kule Chemba kueleza kilichochelewesha joho, na kosa ni la nani.

Halafu akakaa chini kwenye kiti cha Anyesi, akatazama ukutani ambako galaksi zao zote zilikuwa zimebandikwa, mchoro baada ya mchoro, kazi ya miaka yake yote. Kila moja ilikuwa imetolewa kreti mashariki.

"Nyingine zitakuwa sawa," Anyesi alisema. Alitaka kumfariji, na pia ilikuwa kweli, kwa sababu galaksi nyingi hazijivuti namna ile.

"Nyingi zitakuwa sawa," Dokta alisema. "Ila sijui zipi."

Siku iliyofuata Anyesi alifika chuoni mapema kuliko kawaida na kumkuta Dokta Nathan ametangulia. Alikuwa amebandua michoro yote ukutani na kuipanga mezani, na kwenye kompyuta alikuwa amefungua ramani za vikundi vingine, akitafuta, kwa kila galaksi, kama lile eneo lake la mashariki lilikuwa na chochote. Zile ambazo ramani hazitoshi alikuwa anaziweka kando ili aziombee saa, azipime upya moja moja. Ilikuwa kazi ya miezi mingi, pengine zaidi. Mchoro wa juu kabisa ulikuwa umefifia rangi, na Anyesi aliutambua. Ilikuwa ile galaksi iliyompa Dokta Nathan udaktari wake, kabla Anyesi hajamaliza shule ya msingi. Hakuiweka mwisho. Alikuwa ameanza nayo.

Anyesi alivuta kiti, akanyoosha mkono kuchukua fungu la michoro. Dokta Nathan aliuzuia mkono ule kwa upole.

"Baba yako alisaidiwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi nenda kafundishe. Wanafunzi wako wanakungoja."

Anyesi alitoka. Kwenye ngazi alisimama kidogo, akampigia simu baba yake Makutupora, na mzee, aliyekuwa shambani, upepo ukivuma ndani ya simu, hakuuliza habari ya gesi wala ya galaksi. Aliuliza kama yule mwalimu wake anabeba. Anyesi akamwambia anabeba, tena ameanza na iliyo nzito kuliko zote. Akasikia baba yake akiwageukia wachumaji na kuwaeleza jambo hilo kwa Kigogo, na sauti ya Mama Gladness ikajibu kwamba huyo mpakulieni nyama.